Gadi Namba Moja na Mwalimu wa Darasa la Tatu

Kocha wetu alikuwa mkufunzi wa mbinu za kufundishia, na jambo hilo lilimtoka kila mahali, hata uwanjani. Mwanzoni mwa mwaka wangu wa pili pale chuo cha ualimu Kilosa, kabla hatujagusa mpira, alibandika karatasi kwenye ubao wa matangazo nje ya bwalo. Alikuwa ameipiga mistari kwa rula mithili ya andalio la somo: safu ya mada, safu ya malengo, safu ya tathmini. Mada ilikuwa Magadi. Nilisimama pale na sahani yangu ya wali maharage nikasoma, nikijiandaa kucheka, maana sisi wa mwaka wa pili tulikuwa hodari sana wa kuyacheka maandalio ya somo ilimradi hakuna mkufunzi karibu. Sikucheka.

Iliandikwa hivi: ifikapo mechi ya kirafiki ya Mikumi, gadi namba moja aweze kuwaamrisha wenzake wanne kwa sauti, bila kuomba radhi. Kwenye safu ya tathmini akaongeza kwa wino mwekundu: asipoweza, nafasi yake atapewa mwingine.

Gadi namba moja nilikuwa mimi.

Kwa asiyeujua mpira wa kikapu, magadi ni wale wawili wanaoutoa mpira nyuma na kuuleta mbele. Namba mbili kazi yake kubwa ni kufunga kutoka mbali. Namba moja ndiye mwenye mpira na ndiye mwenye mdomo. Yeye anaamua nani aende wapi, nani apewe, nani arudishwe nyuma. Timu ikishinda watu wanawabeba warefu waliofunga chini ya ringi. Timu ikifungwa, wanauliza gadi alikuwa wapi.

Na mwaka ule hatukuwa na warefu. Waliokuwapo walishahitimu, tukabaki sisi ambao tukitaka kitu juu ya kabati tunavuta kiti. "Mwaka huu timu ni magadi," kocha alitangaza, na maneno hayo yakazunguka chuo kizima kwa siku moja. Mpishi wa bwalo akawa ananiongezea maharage huku akisema magadi ndio mnaotubeba Morogoro kwenye michezo ya vyuo. Wanachuo ambao hawajawahi kukanyaga uwanjani walinisimamisha njiani kunieleza namna ya kudunda mpira. Niliwasikiliza wote, kwa sababu kusema kweli nilikuwa naona raha.

Mimi kudunda nilikuwa najua, hilo sitalionea haya. Nilijifunza Morogoro mjini nilipokuwa nakaa kwa mama mdogo na kusoma sekondari, na niliporudi upande wa Kilosa nilikuwa na mkono mwepesi kuliko wasichana wote waliojitokeza. Tatizo langu halikuwa mpira. Tatizo langu lilikuwa namba mbili.

Namba mbili alikuwa mwalimu wangu wa darasa la tatu. Simaanishi mtu anayefanana naye. Ni yeye mwenyewe, wa Munisagara, mwenye mwanya na sauti ya kufika hadi mto wa pili. Shule yetu ilikuwa karibu na reli, na treni la mizigo likipita yeye alikuwa ananyamaza, kidole juu, anasubiri behewa la mwisho, kisha anaendelea kutoka kwenye silabi ileile aliyoiachia. Ndiye aliyegundua kwamba mimi nilikuwa sijui kusoma. Nilikuwa nimepita madarasa mawili kwa kukariri kurasa nzima nikiwasikiliza wenzangu, hadi siku aliponifungulia ukurasa wa katikati na mimi nikasoma kwa madaha habari iliyokuwa ukurasa wa mwisho. Hakunichapa wala hakuwaambia wengine. Alinibakiza darasani kila mapumziko kwa muhula mzima, yeye na mimi na kipande cha chaki, mpaka herufi zikakaa. Mwaka ule nikaanza kumsomea mama meseji za baba kwenye simu, na nyumbani nikawa mtu.

Sasa alikuwa amerudi shule kujiendeleza. Ana cheti, anatafuta stashahada, na chuo alichopangiwa kilikuwa chetu. Jioni ya kwanza ya mazoezi alitokea uwanjani na raba nyeupe mpya, suruali ya michezo chini ya gauni, na filimbi yake mwenyewe shingoni, ambayo kocha alimwomba kwa heshima aivue.

"Shikamoo, mwalimu," nilisema, mpira mkononi.

"Marahaba. Umekua! Funga kamba za kiatu."

Nikafunga. Halafu akaomba mpira, akaenda kona ya kushoto, akabananisha miguu, akaurusha polepole sana, kama mtu anayepandisha sufuria kwenye rafu. Ukaingia. Akarusha wa pili, ukaingia. Wa tatu uligonga chuma ukafikiri kidogo, nao ukaingia. Kocha alikuwa anasugua viganja.

Alinieleza siku ileile kwa nini amekuja uwanjani, wakati walimu wenzake waliokuja kujiendeleza walikuwa wamejilaza bwenini wakilalamikia migongo. Alipokuwa binti chuoni, akisomea cheti, alichaguliwa timu ya kwenda michezo ya vyuo, na mwaka huo michezo ikaahirishwa. Mwaka uliofuata alikuwa ameshapangiwa kituo cha kazi. Alitaka kuanza mechi moja tu, yenye marefa wawili na mtu wa kuandika pointi mezani. Watoto wake watatu kule Munisagara alikuwa ameshawaahidi watakuja kumwona. Alipokuwa anasema hayo alikuwa anacheka, lakini raba zilikuwa mpya.

Basi tukaanza mazoezi, na aibu zangu zikaanza.

Kwetu mkubwa humpi kitu kwa mkono mmoja, wala humpi ukiwa umesimama wima kama nguzo. Unatumia mikono miwili na goti linashuka kidogo. Sijui nani alinifundisha. Nadhani nilizaliwa nayo. Jioni ya pili nilimpasia mwalimu mpira mara tatu, na kocha akapuliza filimbi, akaja hadi katikati ya uwanja.

"Hebu niambie," alisema, "unampa pasi au unampelekea chai?"

Timu nzima ilicheka hadi wengine wakakaa chini. Mimi nilikuwa sijui kabisa kwamba goti langu linashuka. Alinifanya nirudie mara kumi huku wenzangu wakinihesabia, na kila mara goti lilishuka. Mara ya kumi mwalimu mwenyewe alinionea huruma, akanipokea mpira kwa mikono miwili.

Goti lingevumilika. Kubwa zaidi lilikuwa kuombwa. Mkubwa akikuomba kitu ulicho nacho mkononi, unampa. Mwalimu alikuwa anaomba mpira kwa kunyoosha kiganja na kusema "Lete", vilevile alivyokuwa anakusanya madaftari, na mkono wangu ulikuwa unapeleka kabla kichwa hakijaamua. Nilimpa akiwa peke yake. Nilimpa akiwa amezingirwa na wawili. Nilimpa huku gadi wetu wa tatu, wa akiba, akiwa chini ya ringi bila mtu, anapunga mikono yote miwili na kuniita kwa jina langu na la baba yangu.

Na kupiga kelele ndiko kulinishinda kabisa. Pale ambapo namba moja anatakiwa kusema "Rudi!" mimi nilisema, "Mwalimu, samahani, nyuma kidogo kama inawezekana," na nikimaliza sentensi mpira umeshaingia kwenye ringi yetu.

Huyo gadi wa tatu alikuwa binti wa Lumuma, wa milimani, aliyelelewa kwenye kwaya ya kanisa hadi akawa na mapafu ya kuazimisha watu. Alikuwa anatumia mkono wa kushoto. Tulilala kitanda kimoja cha ghorofa, yeye juu, mimi chini. Yeye naye alimwamkia mwalimu shikamoo kila asubuhi njiani, kwa adabu zote, lakini filimbi ikilia alikuwa anampigia kelele kama anayefukuza ngedere kwenye mahindi. "Kona! Kona! Kabaa!" Na mwalimu alikuwa anakwenda kona na kukaba, bila neno. Hakuwa amemfundisha kusoma, ndiyo tofauti. Kila hilo likitokea kocha alimtazama yule binti, akanitazama mimi, akaandika kitu kwenye daftari lake.

"Mimi nafasi yako naitaka," binti wa Lumuma aliniambia siku moja akining'iniza kichwa kutoka kitanda cha juu. "Nakwambia mapema, usije ukasema nilikuzunguka."

"Hupati," nilimjibu.

"Basi pandisha sauti, dada."

Nilimpigia mama simu. Ilikuwa msimu wa kupalilia na alikuwa shambani, nasikia jembe. Nikamweleza kwamba kocha anataka nimwamrishe mwalimu. Jembe likanyamaza.

"Umwamrishe nani? Yule aliyekufundisha kusoma?"

"Uwanjani tu, mama. Ni mchezo."

"Astaghfirullahi. Thubutu! Ukimaliza kumwamrisha yeye, uje uniamrishe na mimi." Kisha akaniuliza kama nakula vizuri, akakata.

Nikaona nimfuate mwalimu mwenyewe. Nilimkuta nyuma ya bweni anafua, mikono imejaa povu. Alinisikiliza hadi mwisho, akaitikia kwa kichwa kila neno. "Uwanjani mimi si mwalimu wako," alisema. "Mimi namba mbili. Unaniamrisha, nakwenda. Jaribu hapa hapa."

Nikasema, "Nenda kona."

Aliinua uso kutoka kwenye beseni, akanitazama. Hakuwa na nia mbaya, alikuwa anasubiri tu niseme kwa nguvu zaidi. Lakini uso ulikuwa uleule wa darasa la tatu, na mimi nikawa na miaka tisa.

"Nasema nikusaidie kuanika, mwalimu," nilisema. Nikaanika nguo zote, na soksi.

Tukajaribu ishara za mikono. Kidole kimoja juu maana yake aende kona, ngumi maana yake arudi nyuma. Nililiona wazo hilo kuwa la akili sana na nililala usingizi mzuri siku hiyo. Kesho yake jioni nikiwa na mpira katikati nikanyoosha kidole. Mwalimu aliniona, akasimama pale pale, akaniashiria kwa kichwa.

"Ndiyo," alisema. "Sema."

Amefundisha miaka mingi. Mtoto akinyoosha kidole anaruhusiwa kuzungumza. Kocha alikaa chini kwenye nyasi akafunika uso kwa daftari.

Ndivyo siku zilivyokwenda hadi ikafika Jumamosi ya Mikumi, na mimi sijawahi kuamrisha hata paka.

Tulikwenda na basi dogo la chuo, madirisha wazi, vumbi limetupaka rangi moja sote. Binti wa Lumuma alianzisha nyimbo na wenzetu wakaitikia njia nzima. Mimi sikuimba. Nilikuwa nafanya mazoezi kwa midomo tu, bila sauti: rudi, kona, toka, kaba. Mwalimu alikaa karibu yangu, anamenya machungwa na kunigawia kila kipande cha pili, na mimi napokea kwa mikono miwili.

Niseme kwa nini nilikuwa naitaka ile nafasi kiasi kile. Sijawahi kuwa wa kwanza kwa kitu chochote. Nyumbani mimi ni wa nne. Kusoma nilichelewa, sekondari nilipita katikati, chuo nilichaguliwa awamu ya pili. Gadi namba moja ndiyo namba moja pekee niliyowahi kuwa nayo, na nilikuwa naenda kuipoteza mbele ya madereva wa malori kwa sababu ya goti.

Maana watazamaji walikuwa hao. Uwanja wa Mikumi uko shuleni, si mbali na barabara kuu ya Iringa, na dereva akisikia filimbi anakuja na sahani yake ya chipsi. Wapinzani walikuwa akina dada wa pale mjini: mmoja wa mapokezi kwenye gesti, wawili wakaanga chipsi, mwingine mwenye mabega mapana anachoma mahindi pale malori yanapolala. Walikuwa wanacheza pamoja kila Jumapili na walikuwa wanajuana kama vidole. Nyani wawili walikaa juu ya ukuta wakimaliza maganda yetu ya machungwa.

Robo ya kwanza ilikuwa tamu. Mwalimu alifunga kutoka kona ile ya kushoto, akafunga tena, akafunga tena, na madereva wakawa wamepata mtu wao. "Mama, weka!" walipiga kelele. "Mama, tena!" Mwalimu alikuwa anakimbia huku anatabasamu, mwanya wote nje. Nilifurahi kwa ajili yake kiasi kwamba nilisahau kujihurumia.

Lakini watu wa Mikumi si wajinga. Robo ya pili wakampa walinzi wawili, wale wakaanga chipsi, wakamganda. Mwalimu akawa anaomba mpira katikati yao, kiganja kimenyooka, "Lete", na mimi nikawa napeleka. Wanapokonya, wanafunga. Napeleka, wanapokonya, wanafunga. Robo ya tatu mwalimu alikuwa ameshika kiuno, anahema kwa mdomo, na bado kiganja kilikuwa juu. Tulikuwa nyuma kwa vikapu vitano. Kocha hakuwa anaandika tena.

Ndipo nikamwona binti wa Lumuma anavua fulana ya juu. Akafunga kamba, akaenda mezani kwa mwandika pointi, akapiga goti pale kusubiri mpira utoke aingie. Hakunitazama. Nilijua anaingia badala ya nani. Ilitosha mpira utoke nje mara moja tu, au refa apige filimbi mara moja tu, na namba yangu iishe. Niliumia. Sikuumia kimchezo, niliumia kweli, hapa kifuani, macho yakaanza kuniwasha.

Mpira nilikuwa nao mimi. Mwalimu alikuwa kona ya kushoto, wakaanga chipsi wawili wamemwegemea, kiganja juu.

"Lete," alisema.

Na mimi nikasikia mtu anapiga kelele, sauti kubwa, mbaya, ya hasira ya mwezi mzima. "Hapana! Wewe, toka hapo! Toka! Rudi nyuma, acha kuniomba mpira!"

Mtu huyo nilikuwa mimi. Wewe. Nimemwita mwalimu wangu wewe, mbele za watu.

Benchi letu lote liliziba midomo kwa mkono mmoja mmoja, utadhani walikuwa wamefanya mazoezi. Dereva mmoja alisema "Eeeh!" na chipsi hewani. Na wale wakaanga chipsi wawili, waliokuwa wamemganda mwalimu robo mbili nzima, waligeuka wote pamoja kunitazama mimi, midomo wazi, kwa sababu na wao wamelelewa, na hawajawahi kusikia msichana anamwambia mtu mzima maneno kama yale. Yule wa mapokezi, aliyekuwa ananikaba mimi, aliteremsha mikono kabisa. Nikampita. Nikapita katikati yao wote wakiwa bado wananishangaa, nikaweka mpira kwenye ringi bila mtu hata mmoja kuruka.

Niligeuka kumtazama mwalimu. Alikuwa ananitazama. Ilikuwa muda mfupi sana, kisha akafanya nilichomwambia, akarudi nyuma mbio.

Baada ya pale sikunyamaza. Kizibo kilikuwa kimetoka. Niliamrisha wote wanne, niliamrisha hadi wa benchi, nadhani na refa nilimwambia asogee. Kocha alimrudisha binti wa Lumuma akae. Kisha baada ya dakika chache akamwinua tena na kumwingiza, na aliyetoka alikuwa mwalimu. Sikulitilia maanani, nilikuwa na kazi. Mimi na binti wa Lumuma tulikimbia kama tuliozaliwa tumbo moja, tukawafukuzia wale akina dada hadi tukafungwa kwa kikapu kimoja tu. Kocha alinipa mkono. Alisema, "Lengo limefikiwa," na nikatamani mama angekuwepo, halafu nikashukuru hakuwepo.

Kurudi Kilosa, mwalimu alikaa mbele, jirani na dereva.

Jumapili asubuhi nilimfuata bwenini. Nilipiga magoti mlangoni kabisa, magoti yote mawili, wenzake wanapiga pasi sare zao wananitazama.

"Mwalimu, naomba radhi kwa ya jana."

"Inuka, utachafua sketi."

"Nilikuita wewe."

"Nilisikia. Mikumi nzima ilisikia." Kisha akacheka, na wenzake wakacheka, na mimi nikatoka pale mwepesi, nikijua yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Jumatatu kocha alibandika karatasi mpya, ya wachezaji watakaoanza Morogoro. Gadi namba moja, mimi. Nilisoma mstari huo mara tatu kabla sijashuka kwenye mwingine. Gadi namba mbili, binti wa Lumuma. Jina la mwalimu lilikuwa chini, kwenye akiba. Nilikuwa bado natafuta kama nimesoma vibaya nilipohisi mtu amesimama begani kwangu, na alikuwa yeye, anasoma kwa kufuatisha kidole.

"Mpira ulikwenda vizuri zaidi nilipotoka," alisema. "Nililiona kwa macho yangu."

Nilimpisha asogee karibu na ubao.

"Nilitaka kuanza," akasema. "Nimeshawaambia watoto." Akajifuta macho kwa pindo la kanga, hapo hapo mbele ya ubao wa matangazo, bila kuficha. Sijawahi kumwona mwalimu wangu analia na sikujua niweke wapi mikono.

Hapo ndipo nilipoelewa, na nilijiona mjinga kwa kuchelewa. Pasi zile za goti ndizo zilizokuwa zinamweka uwanjani. Kwa mwezi mzima nilidhani adabu inanigharimu mimi tu, kumbe yeye ndiye aliyekuwa ameishikilia. Nilipoacha kumpa, kila mtu aliona kwamba pumzi hana, na wa kwanza kuona alikuwa yeye.

"Nitaongea na kocha," nilisema.

"Usithubutu."

"Nitamwambia..."

"Utamwambia nini? Kwamba nilikufundisha kusoma? Timu haipangwi kwa shukrani." Alipenga kamasi, akatazama tena ile karatasi, kwa muda mrefu kidogo. Kisha akaondoka kwenda darasani, kwa sababu kengele ilikuwa imelia.

Nilidhani jioni hatakuja mazoezini. Nilipofika uwanjani nilimkuta, amefika kabla ya wote, raba zake sasa za kahawia kwa vumbi, anakimbia kuzunguka uwanja na kuhema kwa mdomo. Kocha alitugawa, wanaoanza upande huu, akiba upande ule. Akamuuliza mwalimu angependa kumkaba nani.

"Huyu," alisema, na kidole kilikuwa kwangu.

"Wewe ni mtu wa kona, mwalimu. Huyu ni namba moja."

"Najua. Nataka namba yake."

Watu walicheka. Yeye hakucheka, na kocha alipoona hacheki akapuliza filimbi.

Sijawahi kukabwa vile, si Morogoro, si Mikumi. Mikono yake ilikuwa kila mahali. Alinipokonya mpira mara ya kwanza, nikadhani nimemwachia. Alinipokonya mara ya pili na kiwiko kikaingia mbavuni, nikasimama kusubiri aniombe samahani.

"Mwalimu, hiyo faulo!" nilisema.

"Cheza!" alinijibu, akiwa ameshapita.

Alifunga, akarudi mbio, akasimama mbele yangu tena, jasho linadondoka kidevuni, kifua kinapanda na kushuka, mikono ameitandaza. Hakuwa na uso wa darasa la tatu. Ulikuwa uso wa mtu anayetaka kitu nilicho nacho mimi, na anakuja kukichukua. Mbavu ziliniuma wiki nzima. Binti wa Lumuma alinirudishia mpira, nikadunda mara mbili, nikainamisha bega, nikamwendea kwa nguvu zangu zote.